Wanaume Saba Kwenye Kabati la Senge

Juzi nilipeleka sketi kwa fundi wa nguo pale mjini, akaniomba nisubiri kidogo kwa sababu cherehani yake ilikuwa inalia. Akatoa kichupa, akadondoshea matone mawili matatu ya mafuta kwenye matundu ya mashine, kisha akazungusha gurudumu kwa mkono. Harufu ile ilinifikia nikiwa bado mlangoni, na kwa muda sikusikia tena alichokuwa akiniambia. Wengi wa rika langu wakinusa mafuta ya cherehani huwakumbuka mama zao wakishona sare za shule. Mimi humkumbuka shangazi yangu akiwa amechuchumaa sebuleni, amefunga leso kichwani, magari saba ya bati yamepangwa mbele yake juu ya gazeti, na yeye anayatia mafuta moja moja kwa unyoya wa kuku.

Kwetu dada ya baba tunamwita senge. Senge Rael alikuwa dereva wa lori. Alibeba mahindi kutoka Turbo na Kitale akiyapeleka kwenye kampuni moja ya unga mjini Eldoret, na kati ya madereva wote wa yadi ile alikuwa mwanamke pekee. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikaa kwenye nyumba ya vyumba viwili mtaa wa West Indies, yenye sakafu nyekundu ya saruji aliyoipiga polishi kila Jumamosi mpaka ukiingia na soksi unateleza.

Nilipelekwa kwake nikiwa darasa la nne, mwaka ambao mama alijifungua pacha. Walikuwa wavulana wawili, wadogo kama mihogo, na walilia kwa zamu: mmoja akinyamaza, mwenzake anapokea. Mama alikonda. Baba alisema nitakaa na Senge mjini mpaka nyumba itulie, na kwamba shule za mjini ni nzuri. Mimi niliona jambo moja tu, kwamba kitanda changu kilikuwa kimetandikwa nepi na mimi nilikuwa nimetolewa nje. Nilipanda kwenye lori la Senge pale Turbo na godoro langu limefungwa juu ya magunia. Sikulia wala sikupunga mkono. Njia nzima nilitazama mashamba ya mahindi, na Senge hakunisemesha, jambo ambalo nilimshukuru moyoni.

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kabati la vioo. Kwa nyumba nyingine kabati kama lile huwekwa vikombe vya wageni na picha za harusi. La Senge lilikuwa na magari. Yalikuwa magari ya bati, mfano wa yale ya mashindano ya zamani sana, kabla hata babu hajazaliwa: pua ndefu, matairi membamba, bomba la moshi limelala ubavuni, na nambari kubwa imechorwa ndani ya duara jeupe. Moja lilikuwa jekundu, moja la kijani kibichi, moja la bluu, moja la rangi ya fedha, na mengine matatu ya njano na krimu. Kila moja lilikuwa na ufunguo mdogo ubavuni wa kulitia nguvu. Na ndani ya kila gari alikuwa ameketi mwanamume, au niseme kichwa na mabega ya mwanamume, amevaa kofia nyeupe na miwani mikubwa ya kuzuia upepo.

Senge aliniambia mambo machache siku ile. Redio ni yako, alisema. Sukari iko kwenye kopo la bluu. Maji tunachota kabla ya saa moja asubuhi. Kisha akaonyesha kabati. "Hizo usiguse. Kitu ingine yote ni yako. Hizo tu ndizo usiguse."

Kila Jumapili tukitoka kanisani aliyatoa. Aliyafuta vumbi, akayatia mafuta, akayazungusha ufunguo polepole huku ameinamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akayaachilia kwenye ile sakafu nyekundu. Yalikwenda yakiguruma kama nyuki ndani ya kopo. Mimi nilikaa kwenye kochi nimekunja miguu. Wale wanaume walipita mbele yangu mmoja baada ya mwingine, wanatazama mbele tu, hawacheki, mpaka nguvu zinawaishia, wanasimama. Halafu Senge aliwaokota na kuwafungia tena.

Sasa, juu ya lile kabati kulikuwa na maboksi ambamo magari yalikuja. Alasiri moja nilipanda kiti nikayasoma. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne la Turbo, lakini nilijikaza, na ubavuni mwa kila boksi nilikuta maneno yale yale: *Not a toy. For adult collectors.* Sehemu ya kwanza niliielewa vizuri. Hii si kitu cha kuchezea. Ya pili ndiyo iliyonikalisha chini. Kolekta nilimjua. Kwetu alikuja kila asubuhi na pikapu kuchukua mitungi, na tulimwita kolekta wa maziwa kwa sababu alikusanya maziwa. Kulikuwa na kolekta wa mayai pia, mama mmoja mnene wa sokoni. Na *adult* mwalimu alikuwa ametufundisha, ni mtu mzima. Kwa hiyo *adult collector* hangeweza kuwa mtu mwingine ila yule anayekusanya watu wazima.

Mnaweza kucheka, lakini hesabu ilikubali. Senge alikuwa na nyumba, kazi na mshahara, na hakuwa na mume. Kabati lake lilikuwa na wanaume saba. Na kama kwamba hiyo haitoshi, wiki ile ile nilikuwa nimemsikia jirani yetu Mama Nekesa, aliyenipa chakula cha mchana Senge akiwa safarini, akimwambia mwenzake kwenye kamba ya kuanika nguo, "Huyo Rael amemaliza wanaume. Hata huko kwa kazi wanamwogopa."

Amemaliza wanaume. Nililala na maneno hayo. Sikumwogopa Senge kwa nafsi yangu, maana mimi nilikuwa mtoto, na boksi lilisema watu wazima. Niliwaonea huruma wale. Hasa yule wa gari jekundu, nambari tano. Rangi ya shavu lake ilikuwa imekwanguka kidogo chini ya miwani, na kwangu ilionekana kama alikuwa analia. Tena alikuwa ametolewa kwao akafungiwa kwenye nyumba ya mtu. Hapo nilimwelewa kabisa.

Siku niliyomtoa ilikuwa Jumatano. Senge alikuwa Kitale. Nilirudi shuleni, nikafunga mlango kwa komeo, nikafungua kabati. Gari lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia, na baridi. Nililigeuza nikaona jinsi lilivyoungwa: vilimi vidogo vya bati vimepitishwa kwenye matundu na kukunjwa. Nilichukua kisu cha kupaka siagi nikaanza kuvinyoosha. Kile cha tatu kilikatika. Nikaendelea. Nilimwambia yule mzee wa ndani kwa sauti ya chini avumilie, tumekaribia.

Bati lilipoachia, kitu cha chuma cha rangi ya bluu kiliruka kutoka tumboni mwa gari kikajifungua chote hewani, kirefu kama mkanda, kikanikata kidole gumba na kuanguka chini kikitetemeka. Nilipiga kelele moja tu. Kisha nikatazama mkononi. Kichwa cha nambari tano kilikuwa kimetoka, ndiyo, lakini kwa nyuma kilikuwa wazi. Hakukuwa na mtu. Kilikuwa kipande cha bati kilichofinyangwa nusu, na ndani mlikuwa na rangi ya bati tupu.

Nilikaa pale mpaka Senge alipogonga mlango, nikamfungulia. Aliingia na vumbi la safari, akaona kabati wazi, akaona springi sakafuni, akaona damu kwenye sare yangu. Kwanza alinishika mkono akaniosha kidole na kukifunga kwa kitambaa. Kisha akakaa chini sakafuni, si kwenye kochi, mgongo umeegemea ukuta, akaniuliza nilikuwa natafuta nini.

"Nilitaka kumtoa," nikasema.

"Kumtoa nani?"

"Huyu mzee. Ulimkusanya."

Ilibidi nimweleze yote: boksi, kolekta wa maziwa, Mama Nekesa na kamba ya nguo. Nilipofika kwa Mama Nekesa, mabega ya Senge yalikuwa yameanza kutikisika, nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso, na mimi, kwa sababu nilikuwa nimeogopa sana, nikaanza kulia, ndipo akanivuta akanikalisha karibu naye.

Aliniambia kwamba alipokuwa na umri wangu, babu alifanya kazi kwa mkulima mmoja mkubwa, na mtoto wa mkulima huyo alikuwa na gari la bati la ufunguo, jekundu, la mashindano. Senge aliruhusiwa kulitazama kupitia dirishani. Hakuligusa hata siku moja. Alipopata kazi ya kuendesha lori, katika duka moja la zawadi Nakuru alikuta magari kama lile yametengenezwa upya kwa mfano wa yale ya zamani, akanunua moja. Tangu siku hiyo, kila barabara mpya aliyoimaliza salama alijinunulia lingine. Lile jekundu, nambari tano, ndilo lilikuwa la kwanza.

Niliposikia hivyo nilitamani sakafu inimeze. Lakini yeye alikuwa ameshaokota lile gari na kuligeuza mkononi, anasukuma matairi kwa kidole. Alilisukuma mbele, likaenda. Alilisukuma nyuma, likaenda vilevile. Akarudia. Kwa kawaida magari yale hayakukubali kurudishwa nyuma, meno ya ndani yalikaza. Sasa bila springi lilikuwa huru pande zote.

"Ngoja kwanza," Senge akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Ndipo nikajua jambo lililokuwa likimsumbua mwezi mzima. Kampuni ilikuwa imeleta trela mpya, na dereva wake angechaguliwa kwa mtihani. Trela halikuwa kama lori lake. Lina kichwa cha kuvuta na mkia mrefu uliounganishwa kwa kiungo, na mtihani wenyewe ulikuwa wa kurudi nyuma: kuingiza ule mkia kati ya mapipa mawili mpaka kwenye mlango wa ghala. Ukigusa pipa, umeanguka. Kusogea mbele kujinyoosha unaruhusiwa mara moja tu. Msimamizi wa madereva, Mzee Wafula, alikuwa amewaachia wote wajaribu kidogo kidogo baada ya chakula cha mchana, na mara zote mbili Senge alipojaribu, trela lilikuwa limejikunja kama kisu cha mfukoni. Wenzake hawakumcheka mbele yake. Walitazama pembeni, na hiyo ilimuuma zaidi. Mzee Wafula alimwambia kwa upole kwamba lori si jambo dogo, anaweza kuridhika nalo.

"Na hauridhiki?" nikamuuliza.

Alifikiri kabla ya kujibu. "Nikishindwa nitaridhika. Lakini sitaki kuambiwa niridhike kabla."

Trela la kufanyia mazoezi nililitengeneza mimi. Hiyo kazi niliijua, maana Turbo tulikuwa tukiunda magari ya waya tangu tunajifunza kutembea. Nilichukua boksi kubwa la kiberiti, nikapitisha spoki ya baiskeli upande wa nyuma, nikaweka vifuniko viwili vya soda kuwa matairi, na mbele nikakunja pini iingie kwenye tundu lililobaki pale kilimi kilipokatika. Likakaa kana kwamba lilizaliwa hapo. Ekseli ya mbele ya nambari tano ilipindika kwa kidole, kushoto au kulia, kama usukani wa kweli. Tukachora yadi kwa chaki kwenye sakafu nyekundu, tukaweka vikombe viwili vya chai kuwa mapipa.

Kwa wiki mbili tulilala kifudifudi kila jioni kabla ya chakula, shangazi mzima na mimi, tukisukuma gari la bati kinyumenyume. Mwanzoni Senge alikuwa akikosea vilevile kama yadini. Akitaka mkia uende kushoto, alipinda kushoto, na mkia ukaenda kulia, naye akaharakisha kusahihisha na kila kitu kikajikunja. Alikuwa ameendesha miaka kumi na miwili. Mikono yake ilijua jambo moja, na trela lilitaka kinyume chake. Nilimwona akigonga sakafu kwa kiganja.

Siku ya nne au ya tano nilikumbuka punda wetu. Baba alikuwa na mkokoteni wa kubebea maji, na jioni aliurudisha nyuma kwenye kibanda kinachoingia mkokoteni kwa shida. Nilimsimulia Senge jinsi baba anavyofanya. Hamwangalii punda. Anaangalia nyuma kabisa, pale gurudumu linapokanyaga, na akitaka nyuma iende upande huu, anamsukuma punda shingo iende upande ule, kidogo tu, halafu anamfuata.

Senge alinitazama muda mrefu. "Hamwangalii punda," akarudia.

Akapinda ekseli kidogo sana kulia, akaweka macho kwenye vile vifuniko vya soda, akasukuma taratibu. Boksi la kiberiti likaanza kuelekea kushoto. Kabla halijazidi, akarudisha ekseli, kichwa kikalifuata, na vyote viwili vikapita kati ya vikombe bila kugusa. Alilirudisha mwanzo akafanya tena. Kisha mara ya tatu akaniambia nisogeze vikombe vikaribiane.

Sijui kama mnaikumbuka siku mliyogundua kwamba mtu mzima anaweza kujifunza kutoka kwenu. Mimi naikumbuka kwa viwiko, kwa sababu vilikuwa vimechubuka na kushika rangi ya polishi. Usiku ule nilipolala kwenye godoro langu sikufikiria kabisa kitanda cha Turbo.

Mtihani ulikuwa Jumamosi asubuhi, na Mama Nekesa alikuwa ameenda mazishini, kwa hiyo Senge alinibeba. Nilikalishwa kwenye benchi karibu na mizani ya magari. Yadi ilikuwa kubwa kuliko nilivyoifikiria, na lile trela, jamani, lilikuwa refu kuliko darasa letu. Madereva walisimama wameegemea ukuta wamejikunja kwa baridi, mikono ndani ya makoti. Mzee Wafula alikuwa mwembamba, mvi chini ya kofia, na peni imechomekwa sikioni. Alinisalimia vizuri akaniuliza nasoma wapi.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye kujiamini, akaingia kwa kasi, na pipa la kulia likaanguka kwa mlio uliowafanya njiwa wote watoke kwenye paa. Wa pili aliingia, lakini alijinyoosha mara mbili. Mzee Wafula aliandika kitu, akatikisa kichwa. Kisha akaita jina la Senge, na wale walioegemea ukuta wakasimama wima.

Alipanda kwenye kichwa cha trela polepole, akarekebisha kiti, akarekebisha vioo vya pembeni, cha kushoto, cha kulia, tena cha kushoto. Aliwasha. Akasogea mbele akapata nafasi yake, akasimama, akaanza kurudi.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mkia ulitoka mapema, ukaenda kushoto kuliko inavyotakiwa, na nikaona mtu mmoja ukutani akivuta hewa kwa meno. Trela lilikuwa linaanza kujikunja. Nilishika benchi. Mikono ya Senge niliiona kupitia dirisha, ilikuwa imeinuka kutaka kufanya haraka, kama siku zile za kwanza sakafuni. Kisha ikatulia. Akasimamisha. Akasogea mbele, akajinyoosha. Hiyo ilikuwa ile mara moja. Hakubakiwa na nyingine.

Alikaa bila kusogea mpaka nikadhani ameacha. Halafu akatoa kichwa nje ya dirisha. Hakuangalia mapipa wala watu. Aliangalia nyuma kabisa, matairi ya mwisho ya mkia pale yalipokanyaga changarawe, na trela likaanza kurudi taratibu kiasi kwamba ungeweza kutembea kando yake na kikombe cha chai usimwage. Usukani ukaenda kidogo kulia. Mkia ukaitikia kushoto. Usukani ukarudi, kichwa kikafuata. Pipa la kwanza likapita. Kati ya pipa la pili na bati la trela palibaki nafasi ambayo mimi ningeweza kupitisha mkono, mtu mzima asingeweza. Likapita nalo. Mkia uliendelea kurudi, na kurudi, mpaka ukasimama mbele ya mlango wa ghala sawasawa kama kitabu kinavyoingia kwenye rafu.

Injini ilizimwa. Mzee Wafula alitembea mpaka nyuma, akainama akatazama, akapima kwa shubiri yake kati ya trela na mlango upande wa kushoto, akaenda kupima upande wa kulia. Alirudi akasimama chini ya dirisha la Senge.

"Rael," akasema, "mimi nilikwambia uridhike. Nilikosea."

Alisema hivyo mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, na nimekutana na wanaume wachache tangu siku hiyo wenye uwezo wa kufanya hivyo. Kisha akavua kofia. Yule kijana aliyeangusha pipa ndiye alianza kupiga makofi, na wengine wakafuata, na kuna aliyeenda kugonga bati la trela kwa ngumi, ikawa kelele hata wale wa mizani wakatoka nje. Senge alishuka. Alipitia watu wote hao wakimshika mkono mpaka akafika kwenye benchi, akachuchumaa mbele yangu kama anavyochuchumaa mbele ya magari yake, akanishika uso kwa mikono miwili inayonuka dizeli. Hakusema asante. Alisema, "Tumeingia."

Safari yake ya kwanza na trela lile ilikuwa Turbo, wiki mbili baadaye, shule ikiwa imefunga kwa mapumziko mafupi. Nilikaa mbele, juu sana, naona mashamba yote kutoka juu ya ua, watu wa barabarani wananyanyua vichwa. Mahindi yalikuwa yakusanywe kwenye ghala la wakulima lililo mkabala na njia ya kwetu, mahali ambapo malori hujipanga. Baba alikuwa pale na wakulima wengine. Alitazama trela, akatazama nani yuko kwenye usukani, kisha akaniona mimi, akamwita mama.

Mama alikuja kutoka nyumbani na pacha wote wawili, mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Alikuwa amepata mwili tena. Alisema wale watoto siku hizi wanalala usiku mzima, nyumba imetulia, na kitanda changu kimetandikwa. Aliniuliza kama nitashuka na begi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimengoja aniulize hivyo, nilikuwa hata nimeandaa jinsi nitakavyokataa ili aumie kama nilivyoumia. Sasa maneno hayo yote yalikuwa yameniruka.

Kabla sijajibu, Senge aliniita. Alitakiwa aingize mkia kwenye mlango wa ghala, njia ilikuwa nyembamba, na wanaume kama kumi walikuwa tayari wameanza kupiga kelele za kumwelekeza, kila mmoja na upande wake. Aliwaambia wanyamaze. "Chebet ataniongoza," akasema.

Nilikimbia nikasimama mahali anaponiona kwenye kioo, mbali na matairi, kama alivyonifundisha. Baba aliwasogeza watu. Niliinua mikono. Nikamwonyesha kidogo huku, nikamwonyesha afuate, na lile trela zima, na matairi yake yote, likaja taratibu likitii mikono yangu mbele ya Turbo nzima. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa pale. Watoto niliocheza nao magari ya waya walikuwa pale, wamepanda juu ya ua. Mkia ulipofikia mlango nilikunja ngumi juu, na likasimama.

Nilirudi kwa mama jasho likinitoka. Nilimwambia nitamaliza mwaka na Senge, halafu nitakuja nyumbani shule ikifunga Desemba. Nilimwambia bila hasira, na yeye alisikia kwamba haikuwepo, kwa sababu alinipa yule mtoto aliyekuwa mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumbeba kwa hiari yangu. Alikuwa mzito, ana mate kidevuni, na sikujua ni yupi kati ya wale wawili. Nilimgeuza uso uelekee trela pale ghalani, ambako madereva na wakulima walikuwa wameanza kupakia magunia, nikamwinua juu kadiri mikono yangu ilivyoweza.

"Ona," nikamwambia. "Mimi ndiye nimeileta."